Blender kwa vioo vya madirisha: maoni yangu baada ya kusutwa na fundi alumini

Mjomba wangu ni fundi vioo na alumini, Buguruni. Ana meza ya mbao iliyotandikwa zulia kuukuu, rula ya alumini ya mita mbili, na almasi ya kukatia ambayo mpini wake ameuviringishia mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku moja nilimpelekea picha ya nyumba ya ghorofa moja ya huko Goba, niliyoirenda usiku kucha, yaani kompyuta iliikokotoa kutoka kwenye mchoro wangu, kwa ajili ya mteja, nikiwa nategemea sifa. Akaivuta kwa vidole viwili kwenye simu, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akanirudishia.

“Nyumba nzuri, mjomba. Vioo mtaweka lini?”

Vioo vilikuwamo. Madirisha 14, yote yana vioo.

Naandika haya kwa sababu vijana wananiuliza kila mara kama Blender, programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya pande tatu, inatosha kwa kazi ya picha za majengo. Nitazungumzia kioo tu. Zege, mbao na majani programu yoyote siku hizi inakupa ukaridhika. Kioo ndicho kinachomuumbua mtu.

Kwanza bei, maana ndiyo inayotuleta wengi. Blender ni bure, na si bure ya kuiba. Msimbo wake ulikombolewa mwaka 2002, pale mwanzilishi wake, Ton Roosendaal wa Uholanzi, alipochangisha euro 100,000 za kuwalipa waliokuwa wamewekeza kwenye kampuni yake iliyofungwa. Fedha ikatimia ndani ya wiki saba. Tangu hapo iko chini ya leseni ya GPL: unaipakua, unaifanyia kazi ya kulipwa, hakuna wa kukudai. Mimi nilianza na programu nyingine niliyopewa kwenye flashi, ufunguo umeshavunjwa, ikaja na virusi vilivyokula michoro ya mteja wa Kigamboni wiki moja kabla ya kuwasilisha. Toleo la 2.80 la Blender lilipotoka Julai 2019 nikahama, na sijarudi nyuma.

Injini ya kurendea ninayotumia, iliyomo ndani ya Blender, ni Cycles. Inafuata mwali mmoja mmoja kuanzia kwenye kamera, inaudundisha ukutani, sakafuni, kwenye meza, mpaka ukutane na taa au anga. Kwa mtu wa vioo hiyo ni heri, kwa sababu sheria za kioo zimo ndani tayari. Kioo cha dirisha kina kipimo cha kupinda mwanga, IOR, cha karibu 1.52, Blender za sasa zinakuwekea 1.5 na hakuna jicho litakaloona tofauti. Ukikitazama uso kwa uso, kila upande wa kioo unarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, kwa hiyo pande mbili ni kama asilimia 8, na karibu wote uliobaki unapita. Ukikitazama kwa mshazari mambo yanageuka. Simama mbele ya duka la viatu Mtaa wa Samora, unaona viatu. Songa hatua kumi ubavuni, tazama kioo kilekile, huoni kiatu hata kimoja. Unaona barabara nzima na bajaji zake. Cycles inafanya hivyo yenyewe, bila kuombwa, na inafanya sawasawa. Hapo naipa maksi zote.

Shida ni kwamba kioo unachopewa ukibofya Glass BSDF, nyenzo ya kioo ya Blender, ni kioo cha bilauri. Kwa bilauri, chupa, kinyago cha kioo juu ya meza, utafurahi. Kioo cha dirisha unakitengeneza mwenyewe, na hakuna kitu ndani ya programu kitakachokuambia hivyo.

Mara ya kwanza nilichora dirisha kama uso mmoja usio na unene, nikaupaka Glass BSDF. Sebule ikaonekana kama iko ndani ya tangi la samaki: kochi limevutwa karibu, mstari wa sakafu umekatika kwenye fremu. Nililaumu kamera siku nzima. Kumbe programu ilikuwa inafanya nilichoiambia. Mwali umeingia kwenye kioo, haukuambiwa pa kutokea, basi kwa hesabu zake sebule yote imejazwa kioo kigumu hadi ukuta wa nyuma. Dirisha lazima liwe na nyuso mbili. Weka Solidify, kifaa cha kuupa uso unene, ya milimita 6, ila kabla ya hapo bonyeza Ctrl+A ukaze vipimo, vinginevyo dirisha ulilolivuta mara tatu kwa ukubwa litapata unene wa ajabu. Halafu washa ile rangi ya kuonyesha nyuso (Face Orientation): nyekundu inatazama ndani. Ukiona wekundu kwenye kioo, umekigeuza.

Na kioo kiingie ndani ya fremu, kama kinavyoingia kwenye mfereji wa alumini wa kweli. Ukikigusanisha tu, uso juu ya uso, utapata madoa meusi pembezoni na utayatafuta usiku kucha.

Nikarekebisha hayo, nikarenda tena. Sebule ya jua la saa nne asubuhi ikatoka kama pango la popo, imejaa chenga nyeupe kama televisheni ya zamani isiyo na antena. Hapa ndipo wengi wanapoiacha Blender, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cycles inapotaka kujua kama sakafu inapigwa na jua, inatuma mwali wa kuulizia kutoka sakafuni kwenda moja kwa moja kwenye jua. Mwali huo ukikuta kioo, jibu ni kwamba njia imezibwa, kana kwamba umekuta tofali. Jua linabaki na njia moja tu: mwali uliodunda sakafuni kwa kubahatisha upite kwenye kioo, upinde, na huko nje ugonge jua lenyewe. Jua ni kidoa angani. Bahati hiyo inatokea kwa nadra, na inapotokea pikseli moja inawaka kama cheche wakati jirani zake ni giza. Hizo ndizo chenga.

Mimi kwa woga nikakimbilia njia ya mkato. Nikaondoa Glass nikaweka Transparent tupu, nyenzo ya uwazi isiyoakisi wala kupinda mwanga. Mwanga ukaingia, chenga zikaisha, picha ikatoka dakika 20. Hiyo ndiyo picha niliyompelekea mjomba. Transparent tupu ni tundu. Mzee hakuwa ananitania, aliona matundu 14 kwenye ukuta.

Dawa yenyewe ni nodi tatu (visanduku vinavyounganishwa kwa nyaya kwenye skrini), na mwongozo wa Blender unaieleza kwenye sehemu ya kupunguza chenga, ila nani husoma mwongozo. Chukua Mix Shader, nodi ya kuchanganya nyenzo mbili. Upande mmoja Glass, upande wa pili Transparent. Kinachoamua ni tundu la Is Shadow Ray kwenye nodi ya Light Path, inayotambua mwali ni wa aina gani. Maana yake: mwali wa kuulizia jua ukifika, kioo kinajifanya hakipo, mwali wa kamera ukifika, kioo ni kioo, kinaakisi na kupinda. Ni udanganyifu, lakini kwa kioo bapa cha milimita 6 hakuna unachopoteza, kwa sababu kioo bapa kinauhamisha mwali chini ya unene wake tu na kuuacha uelekee kulekule. Kama kioo ni tinted ya kahawia, ile rangi itie pia kwenye Transparent, la sivyo utapata dirisha la kahawia linaloangusha mwanga mweupe sakafuni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa ofisi za Posta atashtuka.

Hapa nina neno. V-Ray wana kisanduku kimoja cha tiki kinachofanya kazi hii, Corona wana kimoja cha kioo chembamba kisichopinda mwanga. Hizo za kulipia zimetengenezwa na watu waliojua kwamba mteja wao anachora madirisha kutwa. Blender ni ya wachora katuni, wachonga mazimwi na sisi, na sisi tumekuja mwisho kwenye foleni. Nodi zenyewe ni za dakika mbili. Kinachochukua muda ni kujua kwamba unazihitaji. Mimi kilinichukua miezi minne.

Nilipompelekea mjomba picha mpya alikubali kwamba sasa kuna vioo. Kisha akaweka kidole kwenye kizuizi cha kioo cha baraza. “Hiki ni milimita ngapi?” Nikamwambia 12, temperedi, yaani kioo kilichokazwa kwa moto. Akacheka. Akaniinamisha mezani kwake, akasimamisha kipande cha 12 kwa ukingo: kijani cha chupa ya soda, chenye weusi katikati. Karibu yake akasimamisha cha 5: kijani hafifu kama maji ya mchicha. Kioo cha kawaida kina chuma kidogo ndani yake, kinachotoka kwenye mchanga. Ukitazama kwa mbele, mwanga unakata milimita chache tu na huoni kitu. Ukitazama kwa ukingo, mwanga umesafiri ndani ya kioo kwa urefu wake, na kijani kimejikusanya. Mjomba hupima unene kwa rangi ya ukingo kabla hajagusa rula. Na kizuizi changu ukingo wake ulikuwa mweupe kama barafu. Vioo vya namna hiyo vipo, vya chuma kidogo, lakini bei yake mteja wangu asingeigusa.

Njia halali ya kufanya hivi ndani ya Cycles ni kujaza kioo nodi ya Volume Absorption ili rangi ijikusanye yenyewe. Inafanya kazi na ni nzuri, ila inakula muda. Mimi nachagua nyuso za ukingo peke yake na kuzipa rangi nyingine, kijani kilichokolea, basi. Weka na mkato mdogo wa pembe, nusu milimita, ili ukingo udake mstari wa mwanga. Fanya hivyo kwa vizuizi vya baraza, meza, rafu na milango ya bafuni. Madirisha achana nayo, ukingo wake umezama kwenye mpira wa fremu na hakuna atakayeuona.

Alinikosoa na jingine siku hiyohiyo: kwenye kizuizi nilikuwa nimetoboa matundu mawili karibu sana na kona. Temperedi haikatwi wala haitobolewi ikishachomwa; matundu yanatangulia, na yakiwa karibu mno na ukingo kioo kinapasukia kiwandani. Hilo Blender haina kosa nalo. Nalitaja kwa sababu msanifu aliyeitazama picha ile kabla ya mjomba hakuliona.

Sasa ghorofa za vioo. Simama Barabara ya Ohio, tazama jengo la vioo likiakisi jengo la ng'ambo. Hulioni jengo moja. Unaona vipande: mstari wa dirisha umepanda kidogo kwenye kioo hiki, umeshuka kwenye kile, nguzo imejinyonga kama moshi. Kioo kinapotengenezwa temperedi hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kikiwa juu ya rola, kikalainika kidogo, na mawimbi ya rola yanabaki. Vile vya tabaka mbili vina hewa iliyofungiwa katikati, ikipata joto kinatunisha tumbo, ikipoa kinanywea. Halafu kuna fundi, ambaye siku ya kufunga alikuwa na njaa. Ndani ya kompyuta vioo 200 vyote vimelala sawasawa, na ghorofa linaakisi kama bwawa lisilo upepo. Mteja haelewi kwa nini picha inamkera, anasema tu “iko kama katuni.”

Hapa Blender ni tamu kweli. Kila kioo kikiwa kitu chake, naandika nambari ya kubahatisha kwenye mzunguko: kati ya sifuri na thuluthi ya digrii, basi, usizidishe. Nikitumia Geometry Nodes, nodi za kupanga maumbo kwa wingi, vioo 200 vinayumba kwa mpigo mmoja. Juu yake natia Noise (mchoro wa kubahatisha) ya mawimbi mapana kwenye Bump, inayoigiza mabonde ya uso, nguvu ndogo kiasi kwamba ukikitazama kioo kwenye skrini huoni kitu. Unaona kwenye uakisi tu. Kazi ya dakika kumi. Kama una muda wa jambo moja tu kati ya yote niliyoyaandika hapa, fanya hili.

Lakini uakisi wa nini? Kioo hakina sura yake, kinaazima ya jirani. Wengi tunachukua anga za HDRI, picha za mazingira ya pande zote zinazotoa mwanga, za tovuti ya Poly Haven, ambazo ni bure kabisa, hata kutaja jina hulazimiki. Nazipenda. Ila nimewahi kuona nyumba ya Mbezi Beach, michikichi getini, na kwenye kioo cha sebule msitu wa misonobari ya Ulaya. Mimi siku hizi naweka nyuma ya kamera mabango bapa yenye picha nilizopiga kwa simu: mwembe wa jirani, ukuta wa matofali ya saruji usiopigwa plasta, paa la bati jekundu, nguzo ya umeme na waya zake tano zinazolegea. Waya hizo ndizo siri. Zikikatiza kwenye kioo na kuvunjika kutoka kioo hadi kioo, mtu anaamini picha kabla hajajua kwa nini.

Na kwa madirisha ya kwetu kuna neti na grili. Neti ya mbu niliyoichora kwa picha yenye matundu ilinipa madoa meusi ambayo sikuyaelewa kwa wiki. Jibu lilikuwa kwenye midundo. Cycles kwa kawaida inaruhusu mwali upite nyuso 8 za uwazi, kisha inaukata na kupaka nyeusi. Hesabu mwenyewe kwenye kona ya nyumba: neti, shea ya pazia yenye mikunjo mitatu, shea ya dirisha la pili, neti yake. Nane imekwisha. Nimepandisha hadi 32 na sishushi. Kwa vioo vyenyewe kikomo ni 12, kinatosha mpaka upate mlango wa kuteleza ambao bawa moja limefunguliwa nyuma ya lingine: hizo ni nyuso nne kwa mlango mmoja.

Kiondoa chenga ni kile cha Intel kilichomo tangu toleo la 2.81. Kwa kuta ni muujiza. Kwa neti nyuma ya kioo ni uji, hasa kwenye sampuli 128 kwa kila pikseli. Nikifika 512 neti inabaki neti. Eevee, injini nyingine ya Blender, ya haraka, naitumia kwa rasimu tu. Hata baada ya kuandikwa upya kwenye 4.2, kioo kilichoko nyuma ya kioo kinapotea, na nyumba za sasa ni vioo nyuma ya vioo.

Mashine yangu ni ya mezani, kadi ya RTX 3060 yenye gigabaiti 12. Sebule ya 4K yenye madirisha matatu na shea inanichukua kati ya dakika 35 na 50. LUKU ya umeme inalia, lakini haijanifilisi. Niliwahi kutumia huduma moja ya kurendeshea mtandaoni, nikalipa kwa dola, vioo vikarudi vyeusi tii. Toleo lao la Blender lilikuwa jingine na nodi zangu zikavurugika. Tangu hapo narenda nyumbani, feni imeelekezwa kwenye kasha.

Kwa hiyo nani achukue? Kama ofisi yako inatoa picha tano kwa siku na msanifu anabadilisha madirisha kila baada ya chai, baki na programu yako ya Enscape au D5. Kioo chake hakina makuu lakini kinapatikana papo hapo. Kama unalipwa kwa picha moja inayotazamwa kwa muda mrefu, ile ya bango la barabarani au ya benki kabla haijatoa mkopo, Blender inakupa kioo kizuri kama cha programu yoyote ya kulipia, kwa sharti la kuitengenezea nodi zako mara moja, uzihifadhi kwenye faili lako la maktaba, na usiziguse tena. Langu lina vioo saba. Kile cha frosti cha bafuni ndicho kigumu kuliko vyote kwa chenga, kingine chochote ni rahisi.

Nina deni moja tu. Mwezi uliopita nilimpigia mjomba, shikamoo, habari za kazi, nikamtumia picha ya chumba cha hoteli ya Masaki alfajiri, kikitazamwa kutoka barazani. Akakaa nayo kimya.

“Chumba kina AC?”

“Kina AC, mjomba.”

“Mwezi wa tatu, Masaki, alfajiri, kioo kikavu hivyo?”

Ni kweli. Kwenye unyevu wa Dar kioo cha chumba kilichopozwa usiku kucha kinatoka jasho kwa nje: ukungu katikati, ukingo wa karibu na fremu uko wazi, na chini kuna michirizi miwili mitatu iliyokimbia. Nimejaribu mara mbili. Ukungu nimeuchora kama picha ya kijivu kwenye Roughness, kipimo cha ukwaru wa uso, 0.35 katikati na sifuri pembeni, michirizi nimeikwangua kwa mkono. Mwonekano umekubali. Chenga zimerudi zote, na saa mbili na dakika kumi kwa picha moja sina.